Saa Tatu Usiku, Kutaisi

Dawa inakaa kwenye friji, nyuma ya chupa ya tkemali,
mchuzi wa plamu ambao mama mkwe wake
huuleta kila Jumapili bila kuombwa,
kama anavyoleta swali.
Saa tatu kamili napanda ngazi hadi orofa ya nne,
nanawa, nazungusha kalamu ya sindano mpaka isome mia na hamsini,
na Lamzira anatazama ukuta.
Hawezi kujidunga. Siku ya kwanza alizimia
akavunja sahani.
Basi mimi, dada mtu,
niliyezaa watatu pasipo kuhesabu hata siku moja,
nimekuwa tezi yake ya ubongoni.

Ndiyo kazi yenyewe. Daktari Shorena alituchorea
nyuma ya risiti ya duka la dawa:
huku juu, chini ya ubongo, tezi ndogo kama punje ya njegere;
huku chini, ovari mbili;
katikati damu, tarishi asiyelala.
Tezi hutuma neno: kueni.
Vifuko kadhaa, kila kimoja na yai lake,
huamka pamoja na kuanza kunywa.

Kisha kimoja hutangulia. Kwa nini hicho, hakuna ajuaye.
Kinapovimba humwaga estrojeni damuni,
nayo hupanda juu kuiambia tezi: yatosha, punguza.
Tezi hupunguza.
Kilichokwisha kushiba hakiumii.
Vingine, vilivyokuwa vikinyonya kidogo kidogo,
hunyauka mwezi huohuo,
bila matanga, bila jina.

"Na sindano je?" aliuliza Lamzira.
Daktari akafikiri.
"Ni kukataa kupunguza."

Huko Baghdati wanavuna. Kila Machi baba mkwe
hukata machipukizi, akabakiza mawili:
mzabibu unaotaka kuzaa vyote, asema, hauivishi kitu.
Huyasema mezani, glasi juu, akituombea heri,
wala hajui tunachofanya jikoni.

Jumanne skrini ilionyesha mashimo meusi,
milimita kumi na nane, kumi na saba, kumi na nne.
Tisa.
Lamzira alificha mdomo kwa shali.
Njiani akaniambia, "Wewe hata kalamu hukuihitaji,"
nami nikatazama mawe meupe ya mto Rioni
mpaka basi likavuka daraja.

Mayai haya si ya leo.
Yaliumbwa Lamzira mwenyewe akiwa tumboni,
majira yale ya baridi umeme ulipokatika,
mama akiota moto wa vitabu vya hesabu
alivyofundishia.
Yamelala miaka thelathini na miwili
yakingoja kuitwa. Mengi hayataitwa.

Leo sindano ni nyingine, saa ni nyingine:
tano na nusu, si dakika mbele wala nyuma.
Estrojeni ikikaa juu siku mbili, tezi hugeuka tabia;
iliyokuwa ikinyamazishwa hupiga ukelele mmoja,
na yai, likisikia, humaliza kujigawa,
hujibandua ukutani.
Ukelele huo leo umo mkononi mwangu.
Saa thelathini na sita, kisha daktari awahi
kabla vifuko havijapasuka.
Vitakavyobaki vitageuka njano,
vitandike kitanda kwa projesteroni wiki mbili.
Mgeni asipofika, kitanda hutanduliwa kwa damu.
Tunakijua kitanda hicho. Mara nne tumekitandua.

Gocha amepiga simu: mvinyo umeanza kuchemka
kwenye mtungi uliozikwa, unanong'ona
kama mvua iliyo chini ya ardhi.
Tano na dakika ishirini na tisa.
Lamzira amefunua tumbo,
michubuko kumi, rangi ya plamu.
Safari hii hatazami ukuta.
Anatazama mkono wangu.
"Usitetemeke," ananiambia mimi.